Edward Steere, Mjenzi wa Kanisa katika Soko la Watumwa

Ndugu zangu wakatekumeni, wengi wenu mmefika stesheni ya Kamina, mkaona jinsi njia za reli zinavyokutana pale: moja yatoka Lubumbashi, moja yaenda upande wa Kananga, na nyingine yashika kaskazini mpaka Kabalo, ambapo msafiri huelekea ziwa Tanganyika. Lakini kabla ya reli palikuwa na njia nyingine za kwenda mashariki, nazo zilikuwa njia za miguu. Wazee wa wazee wetu walizijua, na waliziogopa. Watu waliokamatwa vitani, au walioibwa shambani na kisimani, walifungwa minyororo na kupelekwa mbali. Wengine waliuzwa upande wa magharibi, kwa wafanyabiashara wa Angola. Wengine walivushwa ziwa mpaka Ujiji, wakapita Tabora, wakashuka pwani Bagamoyo, na huko waliosalia hai walipakiwa majahazini kama mizigo, wakafikishwa kisiwani Unguja. Hapo mjini palikuwa na soko, na katika soko hilo bidhaa ilikuwa mtu.

Habari ninayotaka kuwaelezeni leo ni ya mtu aliyejenga kanisa juu ya uwanja wa soko hilo. Jina lake Edward Steere. Nawaambia wazi tangu mwanzo kwamba hakuwa wa Kanisa letu Katoliki. Alikuwa askofu wa Waanglikana. Mapadri wetu wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kufika Unguja kabla yake, nao vilevile walikomboa watumwa na kuwalea, kwanza Unguja, na tangu 1868 huko Bagamoyo. Lakini jambo jema ni jema, hata akilitenda jirani. Tena lugha hii mnayoisoma sasa ina deni kwake, kama mtakavyoona.

Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka wa 1828. Alisoma sana. Alijifunza sheria katika chuo kikuu cha mji huo, akapata daraja la juu kabisa la elimu hiyo, akakubaliwa kuwa wakili mwaka wa 1850. Angeweza kukaa vizuri na kupata mali. Lakini moyo wake haukutulia katika kesi za watu. Alipenda kazi za mikono, akajifunza kupiga chapa vitabu, na mwaka wa 1856 aliingia katika utumishi wa kanisa lake, akapelekwa vijijini kwa watu maskini. Waliomjua walisema kwamba hakujali mavazi mazuri wala sifa, na kwamba alikuwa na utani mkavu uliowashangaza wageni. Wakulima na wavuvi walimpenda kwa sababu kila chombo walichoshika wao, naye alijua kukishika.

Wakati huo msafiri David Livingstone alikuwa amewaeleza Waingereza mateso ya biashara ya watumwa, na kutokana na maneno yake chama cha wamisionari kiliundwa. Askofu wao wa kwanza alikufa kwa homa mwaka wa 1862. Wa pili, William Tozer, alikuwa rafiki wa Steere, akamwomba amsindikize. Steere alikubali kwa muda mfupi tu, naye hakujua kwamba muda huo mfupi ungekuwa maisha yake yote. Walijaribu kwanza upande wa mto Zambezi, wakashindwa kwa magonjwa na njaa, na mwaka wa 1864 wakahamia Unguja.

Huko Steere alianza kazi kwa kusikiliza. Aliketi na vijana waliokombolewa na wataalamu wa mji, akauliza maneno, akayaandika, akauliza tena. Alitengeneza kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kingine cha hadithi za Waunguja, navyo vyote viwili vilitoka mwaka wa 1870. Alikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, akawafundisha vijana kupanga herufi za risasi moja moja. Hiyo ni kazi ya subira, maana herufi hupangwa kinyumenyume, na atakayezisoma sawasawa huko mtamboni ndiye atakayezipata vibaya katika karatasi. Kumbukeni habari hii ya mambo yaliyogeuzwa, tutairudia.

Mwaka wa 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuvunja majahazi na nyumba. Steere, aliyekuwa amerudi kwao kwa miaka michache, alikuja tena mwaka huohuo. Baadaye ikaja tarehe 5 Juni 1873. Siku hiyo Sultani Barghash, akisukumwa na serikali ya Uingereza, alitia sahihi mapatano ya kukataza watumwa kusafirishwa baharini na kufunga masoko yao. Msidhani kwamba utumwa wenyewe ulikwisha siku hiyo. Waliokuwa watumwa majumbani na mashambani walibaki hivyo, na sheria ya kuuondoa utumwa Unguja haikutoka mpaka mwaka wa 1897. Lakini soko lilifungwa, na uwanja wake ukabaki mtupu.

Mmisionari mmoja, Arthur West, alinunua sehemu ya uwanja huo, na mfanyabiashara mmoja Mhindi akatoa sehemu nyingine bila malipo. Siku ya Noeli ya mwaka uleule wa 1873 jiwe la msingi likawekwa. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Agosti 1874, Steere akawekwa kuwa askofu huko London, kwa kuwa Tozer alikuwa ameacha kazi kwa ugonjwa. Basi aliporudi Unguja alikuta mzigo wote wa jengo lile mabegani mwake.

Hapa, ndugu zangu, naomba tusimame kidogo. Mtu akitazama nyumba kubwa hufikiri kwamba imejengwa na waashi. Sivyo. Mwashi ni mmoja tu. Yuko anayechora ramani, yuko mchimba msingi, yuko anayechoma chokaa, seremala wa majukwaa na milango, mhunzi wa vyuma, nahodha wa jahazi la mawe, karani wa fedha. Kila mmoja ana elimu yake, na kila mmoja hudhani kwamba elimu yake ndiyo kubwa. Mimi mwenyewe nalishiriki siku moja katika kujenga darasa la matofali ya kuchoma. Mwashi alipandisha kuta bila kumwuliza seremala, na seremala alitengeneza fremu za milango bila kumwuliza mwashi. Siku ya kuzitia, hakuna hata moja iliyoingia. Tulibomoa ukuta kwa siku mbili, na manjanja ya kuezekea yakalala juani mpaka juma lililofuata. Hakuna aliyekuwa mvivu wala mjinga. Tulikosa tu mtu wa kuwakutanisha kabla ya kazi.

Huko Unguja mtu wa kuwakutanisha alikuwa Steere. Michoro ilifanywa na msanifu wa Uingereza, lakini ramani ya Ulaya haijui mawe ya Afrika. Kisiwani hakuna granite wala jiwe gumu la kuchonga kama la kwao. Jiwe la Unguja ni la matumbawe, yaani lile linalojengwa na viumbe wadogo wa baharini. Ni jepesi, lina vitundu vitundu, na chokaa hulishika vizuri. Waashi wa mji walilijua jiwe hilo tangu babu zao, wakajenga nalo nyumba za ghorofa na misikiti. Steere hakujifanya kuwa anajua zaidi yao katika jambo hilo. Alichukua mchoro wa mgeni na jiwe la mwenyeji, akajaribu kuvipatanisha.

Ugumu mkubwa ulikuwa juu. Nyumba za Unguja zilifunikwa kwa boriti, miti ya mikoko inayokatwa pwani, ambayo hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake huwekwa mawe na chokaa. Mti wa mkoko ni mgumu na hauliwi upesi na wadudu, lakini si mrefu. Kwa hiyo vyumba vya mji ule vilikuwa virefu kwa urefu, ila upana wake ulikuwa wa hatua chache tu, kwa kipimo cha boriti. Sasa kanisa la Steere lilikuwa na upana wa futi 28 na zaidi, karibu mita 8 na nusu, bila nguzo katikati. Hakuna boriti iliyoweza kuvuka nafasi hiyo. Mbao ndefu za kutoka ng'ambo zilikuwa ghali, tena mchwa wa nchi za joto hawamheshimu askofu.

Steere alikata shauri la kufunika kanisa lote kwa dari la mviringo, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufudikizwa, nalo lijengwe kwa vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na saruji iliyotoka Uingereza. Hakuna aliyepata kuona kitu kama hicho katika pwani ile. Kuba la namna hii lina tabia yake. Likiwa bichi haliwezi kujibeba. Lazima liegemee jukwaa la mbao lililopindwa kama upinde, na mawe na saruji humwagwa juu yake. Likisha kukauka, kila kipande humkandamiza mwenzake, na uzito wote hushuka kwenye kuta za pande mbili. Kuta hizo husukumwa kwenda nje mchana na usiku. Zikiwa nyembamba hufunguka, na dari huja chini lote pamoja.

Kwa hiyo mchoraji, mchanganya saruji, seremala na mwashi wa kuta hawawezi kufanya kazi kila mtu peke yake. Kosa la mmoja ni mauti ya wote. Na mara nyingi waliosimama chini ya majukwaa, wakipokezana mawe na maji, walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Fikirini jambo hilo. Mtu aliyepata kusimamishwa katika uwanja ule ili meno yake yatazamwe na bei yake itajwe, sasa anasimama palepale akipewa ujira, na jina lake limo katika daftari. Ikiwa dari litaanguka, litamwangukia yeye. Steere alikuwa na sababu ya kuogopa zaidi ya fedha zilizotolewa na wafadhili.

Mjini watu walisema litaanguka. Wengine walilisema kwa huruma, wengine kwa furaha, kwa maana si wote waliopenda kuona kanisa likipanda katikati ya mji wa Waislamu. Hata wazungu wengi walitikisa vichwa. Mimi huona kwamba mashaka yao hayakuwa ya kijinga. Mjenzi mwenye akili husikiliza anayemwambia kwamba kazi yake itavunjika. Lakini Steere alikuwa amekwisha kuhesabu.

Tena hakuwa na nafasi ya kukaa hapo kila siku. Askofu ni mchungaji, si msimamizi wa waashi tu. Mwaka wa 1875 alisafiri kwa miguu bara, mpaka kwa Mataka, mfalme wa Wayao. Mwaka wa 1876 aliwaongoza watu waliokombolewa kutoka pwani ya Lindi, kwa kusudi la kuwarudisha karibu na kwao upande wa ziwa Nyasa. Walipofika Masasi walikuta nchi nzuri na watu wa kabila zao, wakaomba kubaki, naye akawaruhusu, akapima viwanja na kuanzisha kijiji. Akarudi Unguja kwenye mawe yake.

Katika safari moja ya namna hiyo, kama wenyeji wanavyosimulia mpaka leo, mafundi waliobaki walipewa nguzo ndogo za kusimamisha nyuma ya kanisa, karibu na mahali pa ubatizo. Hawakuwa wamepata kuona nguzo za mtindo ule. Upande gani ni kichwa, na upande gani ni mguu? Walishauriana, wakazisimamisha zote kwa utaratibu mzuri, zikawa imara na wima. Askofu aliporudi aliona zimesimama kichwa chini, miguu juu. Yule aliyewafundisha vijana kupanga herufi kinyumenyume alikuta nguzo zake zimepangwa kinyumenyume! Angeweza kuamuru zibomolewe. Kazi haikuwa mbovu. Ilikuwa imegeuzwa tu, na kosa lilikuwa la asiyeeleza kabla ya kuondoka. Aliziacha.

Hapo naona siri moja ya uongozi wake. Alijua lipi litaua watu na lipi litachekesha watu. Katika dari hakuruhusu kubahatisha hata kidogo. Katika nguzo za pambo aliwaachia mafundi heshima yao. Wasimamizi wengi hufanya kinyume: hupiga kelele kwa ajili ya rangi ya mlango, na msingi hawautazami.

Msaada mwingine mkubwa ulikuwa lugha. Msanifu aliandika kwa futi na inchi. Fundi wa Unguja alipima kwa mkono na shibiri. Kati yao ilihitajika akili inayokaa pande zote mbili, na Steere, ambaye kwa miaka alikuwa ameuliza kila kitu jina lake, aliweza kusema na mwashi kama mwashi. Kwa mfano nadhani yule aliyekuwa wakili hakusahau pia kuandika mapatano vizuri, na yule mpiga chapa hakusahau kuhesabu. Kila kazi aliyopata kujifunza, hata ile iliyoonekana kuwa ya kupoteza wakati, ilipata siku yake katika jengo hilo.

Kuta zilipanda, dari likafungwa, majukwaa yakaondolewa. Dari halikuanguka. Siku ya Noeli ya mwaka wa 1879, miaka 6 kamili tangu jiwe la msingi, milango ilifunguliwa kwa ibada ya kwanza. Chini ya dari lile waliketi watu wa makabila mengi ya bara, wengi wao wasiojua tena njia ya kurudi kwao, wakaimba habari za kuzaliwa kwa Yezu Kristu kwa Kiswahili. Meza ya altare iliwekwa, kama inavyosimuliwa, mahali pale ulipokuwa mti wa kufungia watumwa na kuwapiga viboko. Mnara ulikamilika nyuma ya hapo, na saa yake ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe. Ni jambo la kupendeza kwamba mfalme Mwislamu aliyefunga soko alitoa saa ya kuwahesabia wakati Wakristu waliosali mahali pa soko.

Wakati huo wote Steere hakuacha kalamu. Agano Jipya katika Kiswahili lilimalizika mikononi mwake, naye aliendelea na sehemu za Agano la Kale. Wenzake waliimaliza Biblia yote baada yake, ikapigwa chapa mwaka wa 1891. Na wataalamu walipotafuta, karibu mwaka wa 1930, Kiswahili kimoja cha kufundishia katika shule za Afrika Mashariki, walichagua kile cha Unguja, ambacho Steere alikuwa amekiweka katika sarufi miaka 60 mbele. Kwetu Katanga Kiswahili kilifika kwanza kwa njia ileile ya misafara iliyowabeba babu zetu kwenda kuuzwa, kikakua kwa namna yake migodini na relini. Lakini kile tunachokisoma katika vitabu ni ndugu wa kile cha Steere.

Alikufa Unguja mwezi wa Agosti 1882, mwenye umri wa miaka 54, muda mfupi tu baada ya kurudi kutoka safari ya Ulaya. Walimzika ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya altare, chini ya dari ambalo mji wote ulisema litaanguka. Dari lingali juu yake. Saa ya Sultani ingali mnarani. Na mgeni akiingia, akageuka kutazama mahali pa ubatizo, huziona zile nguzo za mafundi, zingali zimesimama kichwa chini.